Damu Kinywani mwa Waseme

Niseme mapema kwamba mimi sipendi mbwa. Anayetaka kusikia mbwa akisifiwa aende kwa mwingine. Ninachosimulia ni habari ya Leonia, jirani yangu wa kijiji cha Mwamgongo, kando ya ziwa, mwanamke mwoga kuliko wote ninaowajua, na jinsi uoga ulivyompeleka mahali ambapo sisi majasiri wa mdomo tusingethubutu kufika.

Leonia hakuzaliwa mwoga. Alipokuwa binti mdogo, kaka yake Elia aling'atwa mguuni na mbwa wa kupita. Wanaume wakamkimbiza yule mbwa, wakampiga marungu mpaka akafa, wakamfunga jiwe na kumtosa ziwani, wakarudi wakisema yamekwisha. Kidonda kikatiwa dawa ya majani, kikapona vizuri. Hakuna aliyejua kama mbwa yule alikuwa mzima aliyechokozwa au alikuwa na kichaa, maana wa kuulizwa alikuwa chini ya maji.

Baadaye, kovu likiwa limeanza hata kusahaulika, Elia akashindwa kunywa. Akiletewa kikombe cha maji koo linamkaba na macho yanamtoka. Na nyumba yao ilikuwa pale pale ufukweni. Kila wimbi lilipopiga, Elia alipiga kelele. Wakafunga mlango, wakaziba nyufa za dirisha kwa matambara ili asisikie ziwa. Leonia ndiye aliyepewa kazi ya kushikilia matambara yale. Elia alikufa na kiu, ziwa zima likiwa mlangoni.

Tangu hapo Leonia akiona mbwa, yeye huvuka upande wa pili wa njia. Tulimtania sana. Tulisema mbwa akibweka redioni, Leonia anazima redio. Yeye alikuwa anacheka nasi, lakini njia alivuka.

Sasa mtu kama huyo alifugaje mbwa? Muulize nyani. Shamba la mihogo aliloachiwa na marehemu mumewe liko juu mlimani, karibu na mpaka wa hifadhi, na nyani wa huko hawana haya. Mwanamume akipiga kelele wanakimbia. Mwanamke akipiga kelele wanamtazama, wanaendelea kung'oa. Mwanawe Jeremia alipopata kazi ya ujenzi huko Kidahwe alimwachia mama yake vitu viwili: binti yake mdogo, Ritha, na mbwa wa rangi ya udongo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, Leonia na mbwa! Yeye akajibu kwa kumpa mbwa jina. Akamwita Waseme.

Waliishi hivyo miaka kadhaa bila kugusana. Leonia alimrushia ugali kutoka mlangoni, Waseme akaudaka, akatangulia njia ya shamba, na nyani wakahamia kwa wenzetu. Kulikuwa na heshima kati yao, kama mkwe na mkwe.

Kisha watu wa mifugo wakaja kwa boti kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kila mwenye mbwa aliambiwa amlete kwa kamba. Leonia alisimama uani na kamba mkononi asubuhi nzima. Kumvika Waseme shingoni hakuweza. Akaomba vijana wamsaidie, vijana wakasema wanakuja, wakaenda kutazama mpira. Boti ikaondoka. Yaani hofu ya kichaa ndiyo iliyomnyima mbwa chanjo ya kichaa. Sikumcheka siku hiyo, ila sikwenda kumshikia kamba pia.

Kiangazi cha mwaka jana tulikuwa uani kwake tunachambua ngazi, yaani matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese, mimi na yeye. Ritha, ambaye alikuwa hata shule ya awali hajaanza, alikuwa akicheza nyuma ya jiko. Akatokea pembeni ya ukuta ananyoosha mkono. Mkono ulikuwa na damu kuanzia vidoleni mpaka kiwiko. Nyuma yake alikuja Waseme, polepole, kichwa chini, na damu ikimdondoka mdomoni.

Mimi nilipiga yowe, sifichi. Leonia alimnyakua mtoto, akakimbia naye ziwani huku anashika kipande cha sabuni ya kufulia, akaanza kuosha ule mkono. Aliosha, akasuuza, akaosha tena, maana aliwahi kuambiwa na muuguzi wetu kwamba hivyo ndivyo Elia alivyopaswa kufanyiwa siku ile ile. Damu ilipokwisha tukautazama mkono. Hatukuona kidonda. Ila karibu na kifundo cha mkono palikuwa na mkwaruzo mwembamba, unaoweza kuwa wa mwiba, unaoweza kuwa wa jino. Tulimuuliza Ritha. Kwanza akasema Waseme amemlamba. Tulipomuuliza tena akasema mwiba. Tulipomuuliza mara ya tatu, kwa sauti zetu zile za hofu, akalia akasema Waseme ameuma.

Tuliporudi uani watu walishajaa. Adolf, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa na rungu, na wengine nyuma yake walikuwa na mawe. Waseme alijikunyata chini ya kichanja cha vyombo, hata kunguruma hangurumi. Adolf akamwambia Leonia akae pembeni na mtoto, kazi hii ni ya wanaume. Mimi nilikuwa upande wa Adolf kabisa. Nikadhani Leonia ndiye angekuwa wa kwanza kushukuru.

Akaenda akasimama mbele ya kichanja, mgongo wake ukiwa kwa mbwa, mtoto kifuani.

"Mkimuua huyu," akasema, "nani ataniambia?"

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi, niliyeijua habari ya Elia na ya mbwa aliyetoswa kabla hajajulikana kama ana kichaa. Muuguzi naye alipofika akasema Leonia yuko sahihi, mbwa afungwe, asiuawe, na mtoto apelekwe mjini sasa hivi. Adolf akashusha rungu shingo upande.

Boti ya abiria ya Castory, iendayo mjini, ilikuwa bado inapakia. Castory alikataa katakata kubeba mbwa, na abiria wakamuunga mkono, mpaka Leonia akakaa juu ya ubao wa kushukia akasema basi boti haiondoki. Mwisho Waseme akaingizwa kwenye tenga la dagaa, mdomo wa tenga ukafungwa kwa kamba ya nyavu, akawekwa mbele kabisa, nami nikapanda nao. Njia nzima hadi Kibirizi, gati la mjini, abiria walijibana nyuma. Damu ilichuruzika kwenye matundu ya tenga, na kila boti ilipopiga wimbi Leonia aliziba masikio ya Ritha kwa viganja. Sidhani alijua anachofanya.

Hospitalini walimchoma Ritha sindano ya kwanza ya kichaa, wakampangia tarehe za nyingine. Wakamchoma na Leonia, kwa kuwa aligusa damu. Daktari alieleza kwa upole kwamba mtoto akimaliza sindano zake atakuwa salama. Leonia akaitikia vizuri, asante daktari, lakini nilimtazama usoni nikajua hakuna kilichoingia. Hofu haina masikio.

Tukaenda kwa daktari wa mifugo, kijana anayeitwa Erasto. Alivaa glovu, akamshika Waseme kwa utaratibu, akainua midomo yake. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na damu ilikuwa inajitokezea yenyewe, bila kidonda. Akamgeuza tumbo. Tumbo zima lilijaa vidoadoa vyekundu na mabaka ya zambarau, kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Akachukua damu kidogo akaitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

Alipokuja alitueleza hivi. Katika damu kuna vijichembe ambavyo kazi yake ni kukimbilia kila penye tundu na kuliziba. Waseme alikuwa karibu hana hata kimoja. Wakati mwingine ugonjwa wa kupe ndio unaovimaliza, lakini yeye hakuona dalili ya vijidudu vya kupe, ingawa dawa yake angempa kwa tahadhari. Alichokihofia zaidi ni kwamba askari wa mwili wa mbwa huyu, waliowekwa wapigane na maradhi, wamegeuka na kuishambulia damu ya mwenyewe.

Leonia akauliza jambo moja tu, kama hicho ni kichaa. Erasto akasema sicho, kwa anavyoona, lakini mbwa hana chanjo, hawezi kuapa. Mbwa ambaye mate yake yana kichaa, akasema, hamalizi siku kumi. Akizimaliza akiwa hai, basi siku ile hakumpa mtoto kitu.

"Na huu ugonjwa wa damu?"

"Huo nao unaua, mama. Unaweza kumuua kabla ya siku hizo."

Hapo nilimwona Leonia anakalia benchi taratibu, kama mtu aliyeshikwa bega. Mbwa akifa kwa damu, atakuwa amekufa tu, na sisi tutarudi pale pale mama yao alipokuwa na Elia, kuhesabu siku na kumtazama mtoto anavyomeza. Mwanamke aliyeogopa mbwa maisha yake yote sasa alikuwa anaomba mbwa aishi.

Tulifikia kwa dada yangu Esther, mtaa wa Katonga, anayekausha dagaa. Waseme akafungwa kwenye nguzo ya kichanja, mbali na watoto. Erasto alitupa vidonge, vile vile wanavyopewa watu wenye pumu, viwatulize wale askari. Kila asubuhi alipita mwenyewe kwa pikipiki kumpa. Vya jioni alituachia sisi, pamoja na boksi la glovu. Leonia alivifinyanga ndani ya ugali na kurusha kama alivyozoea.

Siku mbili Waseme akala. Ya tatu ugali ukaanguka mbele ya pua yake na hakuugusa. Leonia akasukuma bakuli la maji kwa fimbo. Waseme akalitazama, akageuza kichwa.

Sijawahi kuona mtu anapauka namna ile. Alisema neno moja tu la kwetu, Imana, yaani Mungu, akakaa chini kwenye mchanga. Nilimpigia Erasto simu. Akasema mbwa si kama mtu, kugeuza kichwa peke yake hakusemi kitu, ameishiwa damu na nguvu. Ila kidonge lazima kiingie, na yeye yuko Ujiji kwa ng'ombe anayeshindwa kuzaa, hawezi kufika mpaka kesho. Alinieleza namna ya kufanya. Unashika taya la juu, unafungua, unaweka kidonge nyuma ya ulimi, unafunga, unasugua koo.

Nilirudia maneno hayo kwa sauti. Esther akasema ana dagaa wa kugeuza. Mimi nilisema sitaki, na sikutaka.

Leonia alivaa glovu mbili mbili. Akaenda hatua moja, akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anayaacha. Akaenda tena. Alipopiga magoti mbele ya mbwa nilijikuta nimemkumbatia Ritha mpaka akalalamika. Leonia akashika taya, akafungua kile kinywa chenye damu, kinywa alichokiota vibaya tangu utotoni, akaingiza mkono mpaka vidole visionekane. Waseme hakufanya kitu. Alimtazama tu, kama mgonjwa anavyomtazama anayemnywesha uji. Leonia akafunga taya na kusugua koo, akasugua muda mrefu kuliko alivyoambiwa, kisha akaenda nyuma ya vichanja akatapika.

Baada ya hapo vya jioni vyote alivitia kwa mkono, kila mara akitetemeka. Asiniambie mtu kwamba alizoea.

Damu ilianza kukata kidogo kidogo. Vidoadoa vya tumboni vikageuka njano. Njaa ikarudi, na ilirudi na ndugu zake, maana dawa ile ina tabia hiyo, na Esther akaanza kupoteza dagaa wa kichanja cha chini na kunitazama mimi vibaya. Na ilikuja kiu. Erasto alikuwa ametuonya kuhusu kiu. Waseme alikunywa bakuli, akanywa ndoo, akalamba pale ndoo ilipovuja. Leonia hakumruhusu mtu mwingine kumtekea. Alienda ziwani mwenyewe, akarudi, akakaa karibu kusikiliza ule mlio wa ulimi majini, na mimi nilimwacha, maana kuna mambo hayataniwi.

Siku ya kumi Erasto alifika asubuhi. Alimpima Waseme, akainua midomo yake, fizi zikiwa na wekundu kidogo. Akasema ugonjwa wa damu bado una safari ndefu, vidonge vitapunguzwa taratibu kwa miezi na unaweza kurudi. Lakini kichaa hakuna. Mtoto hakupewa kitu.

Nilitegemea Leonia apige vigelegele. Alichukua beseni, akashuka ziwani, akalijaza mpaka likawa linammwagikia gauni, akaliweka mbele ya mbwa. Kisha akaweka mkono juu ya shingo yake, mkono mtupu, bila glovu.

"Kunywa, baba," akamwambia. "Kunywa na yale ya Elia."

Waseme akanywa mpaka beseni likabaki tupu. Leonia akalichukua, akaenda kuteka mengine.