Sanduku la Mwanakombo, Kabati la Ashura

Mwanakombo binti Muhidini, mke mkubwa wa Abeid msimamizi wa makuli bandarini, alikuwa mwanamke mwenye sanduku. Msomaji wa bara asifanye haraka kusema kwamba hata yeye analo. Pale Magomeni, Mtwara, miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, lilipotajwa sanduku halikukusudiwa kasha la kutilia nguo tu.

Lilitoka Mikindani kwa mama yake, la mvule, na nakshi za njumu za shaba mbele. Lilikaa chumba cha ndani, limefunikwa kanga. Hakuna aliyejua mna nini, na kwa sababu hiyo kila mtu alijua: dhahabu ya bibi yake, hariri za Maskati, kanga ambazo hazijapindwa pindo. Mume hafungui sanduku la mkewe. Abeid, ambaye sauti yake bandarini ilisikika kupita winchi, alipita kando ya sanduku lile kama anayepita mbele ya mkwewe.

Tena lilikuwa na kazi nyingine. Mwanamke wa Mikindani akichoshwa na mume hapigi kelele. Hulitoa sanduku barazani asubuhi, akavaa buibui, akaketi juu yake. Anangoja wabebaji arudi kwao. Mume asiyekuja kumbembeleza kabla jua halijawa kali, mtaa humsimulia mpaka azikwe, na baada ya hapo pia.

Mwanakombo alilitoa mara moja tu, mwaka wa sitini na sita, Abeid alipooa mke wa pili. Huyu aliitwa Ashura, binti wa kijiji cha Kitaya, kandokando ya Ruvuma, aliyeletwa mjini na furushi moja la nguo. Abeid alikuja mbio kutoka kazini, akajaribu kulisukuma sanduku lirudi ndani. Halikujongea.

"Zito hivi?"

"Maisha yangu yamo humo," alisema Mwanakombo bila kuinuka.

Hapo ndipo Abeid alipoahidi, mbele ya majirani, kwamba chakula cha Idi atakila kwa mke mkubwa daima, yeye na wageni wake wote. Mwanakombo akainuka. Mke wa pili hakuachwa, lakini ilijulikana Idi ni ya nani, na hilo ndilo lililomfanya mkubwa awe mkubwa.

Ukweli ni kwamba sandukuni mlikuwa na kanga chache, chetezo cha mama yake cha kufukizia udi, na chini kabisa, chini ya kipande cha mkeka, mawe matatu ya matumbawe.

Miaka ikapita kwa amani, yaani wake wawili wakasalimiana kila siku. Ashura alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya njia, milango ikitazamana. Kisha ofisa mmoja wa serikali akahamishiwa Mwanza, akauza vyombo vyake, na Abeid akanunua kabati la vioo. Alifikiri kama wanaume wanavyofikiri: mkubwa ana pa kuwekea vitu, basi na mdogo apate.

Kabati likasimamishwa sebuleni kwa Ashura, likitazama mlango. Mlango ukaachwa wazi, kwa ajili ya hewa. Kila alasiri jua liliingia, likapiga vioo, na mwanga ukavuka njia hadi ukutani kwa Mwanakombo, ukatua juu kidogo ya kichwa chake alipokaa kupeta mchele. Akihama upande, nao baada ya muda ulihama.

"Na langu liko wapi?" alimwuliza Abeid.

"Wewe si una sanduku?"

"Sanduku ni kabati?"

"Vyote si vya kuwekea vitu, mke wangu? Jamani!"

Mwanakombo alianza kwenda kwa Ashura kuomba chumvi, yeye mwenye chumvi. Alipofika alisimama mbele ya kabati akitafuta vumbi, asilipate, akarudi nyumbani ameudhika zaidi. Chai ya Ashura aliacha kuinywa, kwa kuwa vikombe vilitoka mle. Akajifungia chumbani kusugua njumu za sanduku kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama mpya, akaketi kuzitazama. Hakuna mwingine aliyeziona. Hilo, ambalo zamani lilikuwa utukufu wote wa sanduku, sasa lilimchoma.

Jirani yake Felista, mke wa mwalimu Erasto, watu wa Tukuyu, alikuja kumfariji.

"Lakini shoga, sanduku si la wanafunzi wa bweni? Kwetu mtu akishaoa hulisukumia uvunguni. Mama mwenye nyumba ana kabati, mgeni akiingia aone."

"Aone nini?"

"Aone kwamba vipo!"

Maneno haya yalikaa kwa Mwanakombo wiki nzima. Wa Mikindani alikuwa yeye, na Felista alikuja mjini juzi tu, lakini wivu hauulizi mtu kwao wapi. Siku ya Ijumaa alivuka njia.

"Ashura mwanangu, vioo hivi vitakuja kukukata. Tubadilishane. Chukua sanduku, unipe kabati."

"Sanduku la mama yako, dada?"

"Hilohilo."

"Na ufunguo?"

"Na ufunguo."

"Haya," alisema Ashura, kwa wepesi ambao ungemshtua yeyote asiye na wivu.

Mwanakombo akatoa kanga zake na chetezo. Mawe hakuyatoa. Felista alikuwa amekaa barazani akichambua kunde, na mwanamke akipita na mawe matatu mikononi lazima aulizwe ni ya nini. Akayaacha chini ya mkeka. Makuli wa Abeid walilivusha sanduku wakiguna, na mtaa ukasema, "Kampa na mali yake! Moyo gani huu!" Sifa hizo alizifaidi siku chache.

Kisha majirani wakaja kutazama kabati. Rafu ya juu ilikuwa na sahani za maua alizopakulia Idi, na ya pili ilikuwa na vikombe na chetezo. Zilizobaki zilikuwa tupu. Wanawake walitazama rafu tupu kwa adabu.

"Nafasi imebaki kubwa," alisema Felista, akimtia moyo.

Mtaa ukakata shauri kwamba mali yote imekwenda na sanduku. Wakati huohuo waazimaji wakaongezeka. Zamani Mwanakombo alisema "Sina" na mambo yakaishia hapo. Sasa walinyoosha kidole.

Ramadhani ikaja, ikakaribia kuisha. Asubuhi moja Mwanakombo alisikia kitu kikikokotwa ng'ambo ya njia. Ashura alikuwa barazani kwake, buibui mwilini, ameketi juu ya sanduku.

Abeid alifika mbio, kofia ya kazi mkononi.

"Nini tena, mke wangu?"

"Sina neno. Nangoja wabebaji."

"Umekosa nini kwangu?"

"Idi," alisema Ashura.

Abeid akajipangusa jasho uso mzima. Majirani walikwishajaa. Akainama, akasukuma sanduku, halikujongea.

"Zito hivi!"

"Maisha yangu yamo humo."

Mwanakombo alivuka njia. Neno lilikuwa mdomoni mwake, tena fupi: mawe. Watu wakampisha. Lakini mtu akiuliza wewe umejuaje, Abeid atakumbuka mwaka wa sitini na sita, na mtaa utakumbuka pamoja naye.

Ashura alimtazama kwa upole mwingi. "Dada, njoo utusaidie kusukuma. Wewe ndiye unayelijua."

Mwanakombo akashika kishikio cha shaba. Alisukuma akaguna kuliko wote. Sanduku likarudi ndani, na Idi ikabaki huko.

Mkesha wa sikukuu, Ashura alikuja mwenyewe.

"Dada, tuazime zile sahani za maua. Wageni ni wengi."

Mwanakombo alifungua kinywa kusema hana. Zilikuwa nyuma yake, zimepangwa, zinang'aa. Akazitoa.

Asubuhi, watu waliporudi kutoka kuswali, wageni wa Abeid walipita mbele ya mlango wa Mwanakombo wakimpa mkono wa Idi, wakavuka njia. Nyumba yake ilitazama mashariki, kwa hiyo kabati lake liliangaza asubuhi. Jua likapiga vioo vitupu, mwanga ukavuka hadi sebuleni kwa Ashura. Mgeni mmoja akalalamika kwamba unamchoma macho na chakula hakioni.

Ashura akainuka, akafunga mlango.