Jicho la Kushoto la Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa chokaa. Kwa asili ni mtu wa Siyu, lakini kazi ya mikono yake imetapakaa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu: kuta laini, vidaka vya kuwekea vyombo, nakshi za plasta ambazo wageni husimama kuzipiga picha. Sisemi haya kwa kumsifu, maana tumegombana vya kutosha na sina deni la sifa kwake. Nasema ili ieleweke kwamba siku chokaa ilipomrukia, ilimrukia mtu anayeijua kuliko anavyonijua mimi.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwetu. Ukuta wa ua wa ndani ulikuwa umebabuka, nami nilikuwa nimemsema miezi kadhaa kwamba fundi anapendezesha nyumba za watu na yake inamwagika. Siku hiyo alileta mawe ya chokaa yaliyotoka tanuuni, akayatia ndani ya pipa, akayamwagia maji. Chokaa mbichi ikipata maji hutokota kama sufuria jikoni, hufuka moshi na kupasuka. Alikuwa ameinama kukoroga. Pande moja likapasuka, likamrukia kwenye jicho la kulia.

Nilisikia ukelele nikiwa napepeta mchele. Nilitupa ungo, nikakimbilia chooni kwenye birika, lile tangi la kujengwa la maji ya kuogea, nikachota kata moja tele, nikamwendea. Akazisikia hatua zangu.

"Musinitie mai!" alipiga kelele. "Chokaa ikiona mai hutokota! Wataka kuniua, Bi?"

Nikasimama pale pale na kata yangu ya maji mkononi. Alichosema si upuuzi. Mafundi wote hapa, na wake zao, na watoto wao wanaocheza karibu na mapipa, wanalijua jambo hilo: jiwe la chokaa ni jiwe tu mpaka maji yaliguse, na hapo ndipo linapogeuka moto. Kaka yake, ambaye ni fundi vilevile na alikuwa akifanya naye kazi, alikuwa na wazo hilo hilo. Akaomba mafuta ya nazi. Nikayaleta. Akammiminia jichoni, akamfunga kitambaa safi, akasema, "Sasa imetulia." Nami nikayarudisha maji birikani.

Kilichofuata kilinikasirisha, na hasira yangu haina adabu. Tulipomwambia ainuke twende hospitali, mtu mzima akaanza kupapasa ukuta. Akakikosa kizingiti, akajigonga kwenye mlango. Nikamwambia, "Bwana, lililoumia ni moya. Una ito lingine, litumie!" Akaendelea kupapasa kana kwamba hana jicho la pili. Nikadhani anataka kuonewa huruma, na huruma yangu hupotea kabisa mtu akiidai.

Hospitali ya hapa walimwosha jicho kwa muda mrefu sana, chupa baada ya chupa ya kitu nilichodhani ni dawa, bila maneno mengi. Kisha wakatuandikia twende Mombasa kwa daktari wa macho. Tukaenda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana wa kutoka bara, mwenye sauti ya upole na Kiswahili cha haraka. Alilitazama jicho kwa mashine yake, akaniuliza, "Mama, chokaa ilipoingia, mlimwosha na maji hapo hapo?"

Nikamjibu kwa fahari, kama mtu anayesifiwa kwa usafi wa jiko lake. "Hata tone! Sisi ni watu wa chokaa, daktari. Tulimtia mafuta."

Aliacha kuandika. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena na mtu yeyote. Akaeleza polepole kwamba jicho lina maji yake, yaani machozi, na kwa hiyo chokaa ilikuwa imeshaanza kuchoma kabla hata sijafika na kata. Tone moja la maji ni kweli halisaidii. Dawa ilikuwa maji mengi, yanayomiminika bila kukatika, mpaka chokaa yote ichukuliwe. Mafuta yaliishikilia pale pale ikaendelea kula.

"Maji gani?" nikauliza. Nilitaka aniambie ni maji ya dawa, ya chupa, ya Nairobi, maji ambayo mtu wa Lamu hawezi kuwa nayo.

"Yoyote, mama. Hata ya birika."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu hayakumwagika, niliyarudisha mahali pake kwa mkono wangu, na jicho likaungua hatua chache kutoka kwenye birika lililojaa. Nilimgeukia mume wangu nione naye ameshtuka kiasi gani. Alikuwa ameinamisha kichwa tu.

Basi nikajifariji, nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, jicho la kushoto lipo."

Daktari akalifunika lile lililoungua, akamulika la kushoto kwa tochi yake ndogo. Akainua vidole, akauliza ni vingapi. Mume wangu kimya. Akausogeza mkono karibu na uso wake, akaupunga. Kope haikucheza. Akarudi kwenye mashine, akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "hili halioni tangu lini?"

Nikacheka. Kweli nilicheka, nikidhani tochi imemtia kiwi.

"Tangu udogo," mume wangu akajibu. "Jiwe la manati."

Zaidi ya miaka thelathini nimekaa na mtu huyu. Nimemzalia, nimemuuguza, najua jino gani linamsumbua. Na jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tangu kabla sijamjua, mimi nikiwa wa mwisho kuambiwa, tena na mgeni mwenye tochi! Nilikaa kwenye kile kiti nikihisi kama nimeletewa mume mwingine. Halafu mambo yakaanza kunijia, moja likivuta jingine. Kahawa aliyokuwa akiimimina nje ya kikombe nami nikimwita mzembe. Punda waliokuwa wakimgonga bega lile lile kila siku vichochoroni. Dada yangu aliyeninunia kwa sababu shemeji yake kampita bila salamu, na nilivyomtetea kwa uongo kwamba ana mawazo. Na kununa kwangu mwenyewe! Nikikasirika nina desturi ya kukaa na kuvimbisha uso mpaka aniombe radhi, na mara nyingi nilikaa kushotoni kwake, maana ndiko mkeka wangu uliko. Nami nikasema ana moyo wa jiwe, kwa kuwa hata hashtuki. Kumbe nilikuwa namnunia mtu asiyeniona.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza.

"Babako angenipa mke, fundi wa ito moya?"

"Na baada ya kukupa?"

"Baadae nalikuwa na haya."

Fundi wa nakshi husifiwa jicho lake kabla ya mkono wake, na yeye aliila sifa hiyo miaka yote kwa jicho moja. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na daktari alikuwa ametusimamia akisubiri tumalize mambo ya ndoa yetu ili aendelee na kazi yake.

Aliendelea. Alichora duara kwenye karatasi akatuonyesha ukingo wa jicho, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Humo, akasema, zinakaa seli shina, ambazo ni kama mbegu: huzaa seli mpya kila siku na kukifanya kioo cha jicho kibaki safi. Chokaa ilikuwa imezichoma mbegu zote za jicho la kulia, ndiyo maana kioo kilikuwa kinafunga ukungu na kuota mishipa. Dawa ya matone haiwezi kuotesha mahali pasipo na mbegu. Lakini watafiti wamepata njia ya kuhamisha kipande kidogo cha ukingo kutoka kwenye jicho zima, kukikatakata vipande vidogo, na kuvipanda kwenye jicho lililoungua.

"Zima lipi?" mume wangu akauliza kwa uchungu. "La kushoto lishakufa."

"Mzee, lilipasuka nyuma, kwa ndani. Ndiyo maana halioni. Ukingo wake wa mbele ni mzima kabisa. Mbegu ziko humo."

Mume wangu aliinua kichwa bila kuambiwa, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Jicho alilolionea haya tangu utotoni, alilonificha mimi na mji mzima, ndilo lililobaki na kitu cha kumpa. Mimi nililia kwa sauti. Yeye aliuliza tu kama litaumia.

Ulikuwa umebaki mshtuko mwingine. Vile vipande, daktari akasema, hulazwa juu ya utando mwembamba sana unaotoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua kwa upasuaji na kukubali kulitoa. Nikamkatiza. Kwetu kondo la nyuma huoshwa, hufungwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima. Ya wanangu yamezikwa nyumbani kwetu. Sasa la mwana wa mtu, nisiyemjua mama yake wala kwao, liingie jichoni mwa mume wangu? Tukampigia simu sheikh wa msikiti wetu. Akatutaka turudie, naye akashtuka nadhani, kisha akasema ni tiba, na yule mama katoa kwa ridhaa yake, basi someni bismillahi na mumuombee yeye na mwanawe. Namuombea mpaka leo.

Daktari hakutuahidi. Mbegu zikishika, ukungu utaondoka polepole. Zisiposhika, mume wangu atabaki gizani, kwa kuwa hakuwa na jicho la tatu la kuazima. Tulingoja miezi mpaka jicho litulie, akapasuliwa, tukarudi nyumbani na chupa za matone. Kila asubuhi nilimuuliza anaona nini. "Weupe," akasema. Wiki kadhaa: weupe. Nilianza kuogopa kuuliza. Halafu siku moja niliweka chai mbele yake, mkono wake ukaenda kwenye kikombe moja kwa moja bila kupapasa. Hakuna aliyethubutu kulitaja, tukanywa chai.

Kwenye ukaguzi wa Mombasa alisoma herufi kubwa ukutani, akasoma zilizofuata, akakwama kwenye ndogo. Daktari alipiga makofi. Nakshi hataichonga tena kama zamani, alituambia, lakini uso wa mtu na njia yake ataviona.

Tuliposhuka gatini Lamu nikamshika mkono kama nilivyozoea miezi yote ile, tukaingia vichochoroni. Kwetu mtu hatembei amemshika mkewe mkono hadharani. Mume hutangulia, mke hufuata. Wakati wa upofu wake watu walituvumilia kama wanavyovumilia ugonjwa. Tulipokaribia baraza la msikitini, wanaume wamekaa safu nzima, ndipo nikashtuka: huyu anaona sasa, na mimi bado nimemkamata! Nikauvuta mkono wangu. Akaubana. Nikauvuta tena kwa nguvu, huku uso ukiniwaka ndani ya buibui.

"Niwate mkono, Bwana," nikamnong'oneza. "Watu watuona."

"Nami nawaona," akasema, akawatolea salamu mmoja mmoja, wa kulia na wa kushoto, akigeuza kichwa chote, na mkono wangu hakuuachia.