Tangazo Nyuma ya Mlango

Mnisamehe kwa mwandiko, ninyi nyote mtakaopokezana barua hii. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tahajia nayo msiitazame sana. Naandika polepole, na kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nimeona afadhali kalamu.

Chini ya shamba letu, huku Hanang, upande wa kwenda Balangdalalu, kuna chemchemi. Sisi tunachota juu, ng'ombe wanakunywa chini yake. Hakuna nyingine ya karibu isiyo na chumvi. Juu ya chemchemi kuna mwamba, na kampuni moja ikautaka mwamba huo ili isage kokoto. Sheria inasema watu waulizwe kwanza kama mazingira yao yataharibika. Basi tukaulizwa.

Alikuja mtaalamu kwa gari, amevaa kizibao cha kung'aa, kile wanachovaa mafundi wa barabara ili wasigongwe. Gari lilikuwa moja tu, lake. Hakumwamkia mzee hata mmoja. Alisoma karatasi kwa muda mrefu, zenye maneno kama "athari hasi zinazohimilika", kisha akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Wazee wakanyamaza. Kwetu jambo kubwa halijibiwi siku linapoletwa. Hata anayekuja kuposa huondoka bila jibu. Wazee huenda wakakaa peke yao, wakalala nalo, ndipo wakarudi na neno. Kujibu papo hapo ni kumwambia mgeni kwamba jambo lake ni dogo. Yule bwana alikunywa maji yake ya chupa, akatutazama kama darasa lililoshindwa hesabu za kuzidisha.

"Basi, hakuna pingamizi," akasema, akaandika, akapanda gari. Amesomea mazingira mpaka chuo kikuu, na hakuna aliyemfundisha kwamba ndani ya mazingira kuna watu.

Kesho yake wazee walikaa nyumbani kwa babu yangu. Neno lao likawa hapana. Babu akanichukua tupeleke jibu ofisi ya kata, kwa sababu macho yake hayasomi tena.

Mtendaji wa kata alikuwa kwenye simu. Ni kijana kutoka mkoa mwingine, wa viatu vilivyochongoka, na tangu aletwe kwetu kazi yake kubwa ni kulalamikia baridi. Alimpa babu shikamoo bila kuinua macho.

"Marahaba. Tumeleta jibu la yule mgeni wako," babu akasema.

"Jibu gani, mzee? Si mlishakubali."

"Nani alikubali?"

"Mlikaa kimya."

"Tulikuwa tunamheshimu."

"Sasa heshima naiandikaje kwenye ripoti, mzee wangu?" Akacheka peke yake. Kisha akatuambia kwamba maoni yanapokelewa kwa maandishi tu, kwamba mwisho ni leo jioni, na kwamba tangazo lilibandikwa siku nyingi.

"Wapi?" nikauliza. Sikumbuki kama nilisema neno jingine siku hiyo.

Akainuka, akaufunga mlango. Nyuma ya mlango ilikuwapo karatasi imepigiliwa misumari, imeandikwa TANGAZO KWA UMMA, na mhuri juu yake. Mlango ukiwa wazi, karatasi inatazama ukuta. Ofisi ikifungwa, inatazama giza. Umma wote ulioweza kulisoma tangazo hilo ni yeye mwenyewe, akiwa amejifungia ndani. Na alijivunia.

"Nje mbuzi wanakula karatasi," alitueleza.

Babu akaniombea pa kuandikia. Akanichania karatasi ya daftari, akatazama saa. Nikakaa kwenye benchi nikaandika kwamba sisi tunaokunywa chemchemi hii hatukubali mwamba uvunjwe juu yake, kwa kuwa maji yakikatika hatuna pengine pa kwenda.

"Dada, fanya haraka, nafunga ofisi."

Babu alikuwa ameshaketi kizingitini, fimbo magotini, miguu nje. "Funga tu, baba," akamwambia kwa upole. "Mjukuu wangu anaandika taratibu, na mimi kuinuka ni kazi."

Mtendaji akasubiri, akigongagonga funguo mezani. Kwa sababu ya zile funguo nikaongeza majina ya wazee wote, ambayo sikuwa nimepanga kuyaandika. Mwishowe akapiga mhuri wa "Imepokelewa", akaitupa karatasi yangu kwenye trei, juu ya mfuko wake wa karanga.

Mpaka leo hatujajibiwa. Mashine ya kusaga imeletwa, iko juu ya mwamba imefunikwa turubai, haijawashwa. Nikimuuliza mtendaji, husema suala liko ngazi za juu, na kidole chake huelekea dari, kana kwamba ngazi hizo ziko kwenye mabati.

Ndiyo sababu naandika. Kama uliwahi kupeleka pingamizi la namna hii, huko Mbulu au popote, niandikie: ulilifikisha ofisi gani baada ya kata, na nani alikujibu? Anwani iko nyuma ya bahasha. Tafadhali msikawie, turubai lile linaweza kuvuliwa wiki yoyote.