Tazama Bega, Siyo Pua

Ipo siku moja ambayo huwa inanirudia kila nikimwona kijana ameinua simu kupiga picha ya kitu kinachokimbia, halafu anaitazama skrini na kusonya. Mwanangu, na mimi nimesonya sana enzi zangu. Kaa hapa karibu nikusimulie, na univumilie nikizungukazunguka kidogo, maana mimi hadithi zangu lazima zipitie sokoni kwanza.

Nilikuwa msichana wa studio ya picha, Kariakoo. Mwenye studio alikuwa Mzee Lyimo, Mchagga wa Marangu, mkali wa maneno lakini hana kinyongo na mtu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka yamefurika vitu vya Dubai, redio, pasi, saa za ukutani, na kila wiki kilikuja kitu ambacho wiki iliyopita hatukukijua. Ndipo Mzee akarudi na kamera ya dijitali, ndogo, inang'aa. Picha unaiona papo hapo! Watu walipanda ngazi kuja kuishangaa tu, wala hawapigi picha.

Nami nikajiona nimefika mjini upya. Lakini kamera ile ilinitoa jasho. Ukimpiga mtu aliyekaa kwenye kiti, picha safi kabisa. Ukimpiga mtoto anayeruka kamba, unabonyeza, kamera inawaza kwanza, ndipo inapiga, na mtoto ameshatua zamani. Ile ya filamu niliyoizoea ilikuwa ukibonyeza, imepiga. Nikamwambia Mzee hii ni mbovu, airudishe alikoinunua.

"Mbovu?" akasema. "Haya, twende."

Akanipeleka nyuma ya soko, malori ya matikiti maji yanaposhusha mzigo. Unajua makuli wanavyoshusha matikiti: mmoja yuko juu ya lori, anarusha, mwenzake chini anadaka, wala hawatazamani sana. Mzee akasema, "Piga tikiti likiwa hewani."

Nikapiga. Nikapata mikono mitupu. Nikapiga tena, nikapata mgongo wa mtu. Kuli wa juu akaangua kicheko. "Sista, vipi, tukurushie taratibu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakucheka. Akaniambia, "Binti, kamera haina kosa. Wewe unaikurupusha usingizini. Ukibonyeza mara moja, lazima kwanza iamke, itafute mtu yuko umbali gani, ipime mwanga, ndipo ipige. Sasa kwa nini kazi hiyo yote usiifanye mapema? Lenga pale tikiti litakapofika, kwenye mikono ya anayedaka. Bonyeza nusu, ushikilie hapo hapo. Usiachie. Hapo kazi iliyobaki ni ndogo."

"Halafu nilifuate tikiti?"

"Ukilifuata tikiti umeshachelewa. Mwangalie anayerusha, begani. Bega linaanza kabla ya mkono. Likitingishika tu, malizia kubonyeza."

Nikafanya hivyo. Zilipotea kadhaa, sikufichi, ila mwishowe tikiti likatokea kwenye skrini, la mviringo, liko hewani kabisa, na yule kuli amefumbua kinywa. Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya wakageuka.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Kulikuwa na familia ya Kihindu, wateja wetu, wana duka la vitambaa. Binti yao Nisha alikuwa anaolewa. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, amekonda, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na tiketi ya kwenda India kufanyiwa upasuaji ilikuwa ya jioni ile ile ya harusi. Walitaka harusi ifanyike kabla hajaondoka. Hakuna aliyesema kwa nini, na kila mtu alijua.

Wenzetu hao wana desturi moja naipenda mno. Bwana harusi akifika mlangoni, mama mkwe anampokea kwa maua na taa, halafu anamrukia kumshika pua! Ni utani wa kumwambia asijione sana, amekuja kuomba mke. Bwana harusi naye anakwepa, rafiki zake wanamkinga, watu wanacheka. Ni tendo la kufumba na kufumbua. Na bibi harusi hayupo pale, amewekwa ndani.

Asubuhi nilipokuwa nampiga picha akipambwa, Nisha alinishika mkono. "Dada, tangu niko mdogo mama ananiambia, huyo atakayekuchukua nitamvuta pua mpaka alie. Mimi sitaona. Hata picha nyingine zikiharibika zote, hiyo nipatie. Nataka aondoke nayo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ingawa mwenyewe nilikuwa nao. Ilikuwa Jumapili, mahali pa kusafisha filamu pamefungwa, na Mzee Lyimo alikuwa kanisani kwenye harusi nyingine. Tulikuwa mimi na kamera ya dijitali. Kaka yake Nisha alikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapa nyumbani, akasema nikiipata tu, ataichapa kabla ya safari.

Bwana harusi akaja na ngoma na shangwe. Ni kijana mrefu. Akakalishwa kwenye kigoda mlangoni, ili uso wake ukaribiane na kiti cha magurudumu. Mama Nisha akasukumwa mbele yake, na nikamsikia akisema, "Jayesh, usinihurumie. Ukiinama nitakukasirikia."

Wakaanza maua, taa, dua. Dua ikawa ndefu. Mimi nimesimama na kamera kifuani, natazama watu kama mgeni mwalikwa. Ghafla yule mama akanyoosha mkono! Nikainua kamera, nikabonyeza, na mwanangu, kamera ilikuwa imejizima yenyewe kwa kungoja. Lenzi ikaanza kutoka nje taratibu, kama haina habari. Niliona kabisa uso wa Nisha ninapokwenda kumwambia sina.

Halafu nikasikia watu wanacheka. Jayesh alikuwa amekwepa! Mama ameshika hewa, anahema, lakini macho yanamcheka. Sijawahi kumshukuru mtu kwa kukwepa kama nilivyomshukuru yule kijana. Nilitamani nimkumbatie pale pale kwenye kigoda.

Ndipo nikasikia matikiti kichwani mwangu. Nikauzima ule mwanga unaopepesa kwanza kuzuia macho mekundu, maana nao unachelewesha. Nikasogea pembeni. Nikalenga usoni kwa Jayesh, nikabonyeza nusu, nikashikilia. Kisha nikaacha kutazama pua. Nikatazama bega la Mama Nisha, chini ya sari ya kijani.

Alikuwa ametulia, kama aliyechoka na kukata tamaa. Jayesh naye akalegea, akatabasamu. Bega likatingishika. Nikamalizia.

Sikuthubutu kutazama skrini. Watu wanapiga makofi, Jayesh anajifuta pua, na mimi nimefumba macho. Nilipofumbua, nikaona vidole viwili vya mama vimeibana pua sawasawa, Jayesh amekunja uso wote, na yule mama anacheka mdomo wazi, hana ugonjwa wowote usoni. Nikakaa chini sakafuni na nguo yangu nzuri niliyovalia kazi ya harusi. Nisha alipooneshwa alilia mpaka wanja ukamchuruzika, na hakuna aliyemkataza.

Mama aliondoka jioni ile na picha kwenye mkoba. Kisha tukakaa bila habari yoyote, na mimi kila nikipita mbele ya lile duka la vitambaa naogopa kuuliza.

Mpaka mchana mmoja nikasikia mtu anapanda ngazi za studio, polepole, anapumzika, anapanda tena. Nilikuwa nimeinama natengeneza fremu. Nikainua uso. Mama Nisha, kwa miguu yake mwenyewe! Kabla sijasema shikamoo alikuwa ameshanibana pua. Alinibana kwelikweli, machozi yakanitoka, na sikutaka aiachie.

"Hii ni kwa ile picha yako iliyoniweka ukutani hospitali," akasema. "Manesi wote wa kule wanamjua mkwe wangu kwa pua."

Mzee Lyimo alicheka siku hiyo mpaka akavua miwani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu kinachokwenda mbio usikingoje kifike ndipo uanze kujiandaa. Kamera yako iamshe mapema, lenga pale jambo litakapotokea, bonyeza nusu na ushikilie, zima kinachochelewesha, na tazama bega. Ukikosa, usiombe watu warudie furaha yao kwa ajili yako, jiweke sawa kwa ile inayokuja. Na wazazi wako wapige picha wakiwa wanacheka, leo, hata kama hakuna harusi.

Mungu akupe mkono mtulivu, akupe jicho linaloona jambo kabla halijapita. Uwapendao wakisafiri, akurudishie wakipanda ngazi kwa miguu yao, na wakubane pua mpaka ulie. Amina.