Sauti Iliyopigwa Pasi

Feni imezimwa, mlango umerudishwa, na fundi Mama Kioo amebana pumzi. Mbele yake ipo flashi ya kompyuta iliyovuliwa ganda, ndogo kama ukucha. Anashusha kioo cha kukuzia alichokivaa kichwani, kile kilichompa jina, na kulehemu waya mwembamba kama unywele.

Mwenye flashi amekaa kwenye benchi, kimya. Alipasuliwa koo, na sauti haikurudi tena. Ila kabla ya kulazwa alijirekodi maneno ya kumuaga binti yake, bibi harusi wa Jumamosi hii. Maneno yote yamo humo, kwingine hayapo.

Jamani, kusahau kupo. Flashi ilibaki mfukoni mwa suruali, ikafuliwa nayo.

"Nikaona hiyo flashi niipitishie pasi, ikauke upesi," anasema mkewe, macho chini.

"Pasi ya moto, dada yangu?"

"Sasa ya baridi ingekausha nini?"

Mama Kioo humuuliza kila mteja kwanza: mmeichomeka mara ngapi? Maana kifaa kilicholowa kikipewa umeme huungua zaidi.

"Mara moja tu," mke alijibu walipofika. Nyuma yake mume akanyoosha vidole vitano, kisha vitano vingine.

"Shemeji hawezi kusema," fundi akacheka, "na uongo pia hawezi."

Kazi hii aliianzia kwenye redio za mjomba wake. "Waliniambia, mwanamke na chuma cha moto, utaunguza nyumba! Mpaka leo nimeunguza vidole tu." Katika flashi kumi anazoletewa, nne humshinda, na hizo hatozi kitu.

Waya wa mwisho umeshika. Anaichomeka kwenye kompyuta. Taa inawaka, inazima. Inawaka tena, safari hii inabaki.

"Mwanangu," inasema kompyuta kwa sauti nzito yenye kikohozi, "leo unaondoka na kelele zote za nyumba hii."

Mke anaziba mdomo. Baba anapiga benchi kwa viganja, anasimama, na midomo yake inafuata neno kwa neno mpaka mwisho.

Mama Kioo hataki mchezo: ananakili papo hapo kwenye flashi tatu mpya. Nakala moja ya bibi harusi, moja ibaki dukani, ya tatu anampa baba. Naye anaitumbukiza mfukoni mwa suruali.

"Itoe humo!" mke anapiga ukelele, na baba anacheka mabega yakitikisika.

Fundi ana ndoto ya kufungua chumba awafundishe wasichana kazi hii. Lakini kwanza Jumamosi, duka litafungwa.

"Nimealikwa," anasema, akiwasha feni. "Sauti ile nataka niisikie kwa spika kubwa."