Njugu Tano za Upole

Nilikula njugu tano. Nasema mapema ili mtu asije akadai nilificha. Zilikuwa za kukaanga, zenye chumvi, na zilikuwa juu ya meza ya jikoni kwetu, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa chaki, chini ya neno UPOLE. Hazikuwa za kuliwa, zilikuwa za kuhesabiwa. Lakini mimi nikiona njugu, mkono haungoji kuuliza ni za kazi gani.

Kwa njugu hizo tano nilibadilisha uchaguzi wa ng'ombe wa nyumba nzima.

Ng'ombe wetu wa zamani alikuwa na hasira za mwalimu wa zamu. Asubuhi moja mama akimkamua, alirusha teke likampata kwenye kifundo cha mkono wa kulia na mfupa ukavunjika. Mama alikaa na plasta wiki sita. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ukivunjika tena mahali pale, huo mkono hautakunjika vizuri maisha yake yote. Baba yetu ni dereva wa lori la masafa marefu na huonekana nyumbani kama mvua ya Januari. Dada yangu yuko chuo, anasomea biashara ya kilimo. Kwa hivyo kwa hizo wiki sita aliyekamua ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na maziwa yalipungua mpaka ng'ombe mwenyewe akaonekana ananihurumia. Mwishowe aliuzwa. Sikulia.

Shida ni kwamba maziwa ya mama yalikuwa na mteja mmoja mkubwa, mzee wa Kisomali mwenye hoteli ya chai hapa Eldoret mjini. Plasta ilipotolewa, alikuja nyumbani mwenyewe.

"Mama, pole na mkono," alisema. "Sasa nisikilize. Kuna kijana ananiletea maziwa siku hizi. Mimi nayaita maji yaliyomwona ng'ombe kwa mbali. Wateja wangu wamenitukana mpaka wamechoka."

"Mzee, nipe wiki mbili."

"Wiki mbili nitangoja. Zikipita, itabidi nikubaliane na huyo kijana wa maji."

Basi mama alikuwa na wiki mbili za kupata ng'ombe, na mkono ambao haukuruhusiwa kukosea. Jambo moja nililiona bila kuambiwa. Akipita karibu na zizi la jirani na kwato zikagonga chini, ule mkono wa kulia ulijirudisha wenyewe kifuani, haraka, kama umeguswa na moto. Kisha mama alijifanya anakuna shingo.

Wiki ya kwanza ilipoisha, alikuwa amepata ng'ombe watatu wa kuchagua. Mmoja alikuwa Ainabkoi kwa mzee mkulima wa viazi, mweusi na mweupe, mwenye kiwele kama begi la bweni siku ya kufungua shule. Wa pili alikuwa Kimumu kwa mwalimu mstaafu, mwekundu, wa maziwa ya kadiri. Wa tatu alikuwa Cheptiret, nyuma ya duka. Mama na dada walikuwa wamewaona wote, na kila siku mama alikuwa na jibu tofauti. Asubuhi Ainabkoi. Mchana Kimumu. Akipigiwa simu na shangazi, Cheptiret.

Jumamosi hiyo ya njugu dada alisema, "Mama, hapo unachagua na kelele iliyo karibu. Keti tupime."

Hiyo njia aliifundishwa chuoni, na ina jina refu ambalo hata yeye hulisema akishika ukuta. Pale mezani ilikuwa hivi. Kwanza unaandika mambo unayoyataka kwa ng'ombe. Pili unaamua kila jambo lina uzito gani. Tatu unampa kila ng'ombe alama kwa kila jambo, moja mpaka tano. Alama unazidisha na uzito, unajumlisha, na mwenye nyingi ndiye wako.

"Andika bei," nilisema.

"Bei zao zinakaribiana sana," mama alijibu. "Kitu ambacho wote wako nacho sawa hakinisaidii kuchagua."

Nilishtuka kidogo. Mama yangu aliishia darasa la saba, na hapo dada alimwangalia kama mhadhiri aliyemwona mwanafunzi wa mbele.

"Basi andika sura," nilisema. "Ng'ombe awe na sura."

"Kama mimi ningechagua kwa sura," mama alisema bila kuinua kichwa, "wewe ungebaki hospitali."

Dada alicheka mpaka chaki ikakatika. Mambo yakabaki manne: maziwa, upole, ulaji na miguu. Ulaji kwa sababu nyasi zetu za nepia ni za kipande kidogo, na miguu kwa sababu zizi letu ni la matope. Halafu dada akaanza kuuliza mawili mawili.

"Maziwa na upole. Kipi kikikosekana utalia?"

Mama akaugeuza mkono wa kulia, akauangalia chini na juu. "Upole," alisema.

"Upole na ulaji?"

"Upole. Nepia nitaomba kwa jirani. Mkono siwezi kuomba."

Dada alitaka punje za kuhesabia uzito, lakini mahindi ya debe yalikuwa yamepelekwa kusagwa, kwa hivyo tukachukua njugu ambazo mama alikuwa amekaanga za kupelekea wamama wa chama. Dada alihesabu thelathini, akamwambia azigawe kwenye visanduku kulingana na anavyojali. Na hapa niseme ukweli, utani kando: nilipenda kumwangalia. Mama hufanya kila kitu mbio, lakini hizo njugu alizishika moja moja. Aliweka moja kwa maziwa, akaiondoa, akaipeleka kwa ulaji, akafikiri, akairudisha kwa maziwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akiulizwa kwa utaratibu anataka nini, na yeye akijibu kwa utaratibu. Mwishowe upole ulipata kumi na mbili, maziwa tisa, ulaji tano, miguu nne.

Kabla dada hajaandika, mvua ikaanguka. Nguo zote zilikuwa kwenye kamba. Wote wawili wakatoka mbio, mimi nikaachwa "kulinda meza". Aliyetoa hiyo amri alikosea kuajiri.

Nilichukua kutoka kwa upole kwa sababu ndiko zilikuwa nyingi. Niliona ni akili: kwenye rundo kubwa pengo halionekani. Sikufikiri kwamba rundo lilikuwa kubwa kwa sababu ndicho kitu mama alichokitaka kuliko vyote. Niliposikia hatua zao mlangoni, upole ulikuwa na njugu saba, na mimi nilikuwa nameza.

Simu ya mama ikalia, akabaki mlangoni akiongea na baba. Dada, nywele zikichuruzika, alihesabu njugu akaandika saba bila kushtuka, kwa vile wakati wa kugawa alikuwa anaziangalia alama za ng'ombe. Yule wa Cheptiret alitoka mapema. Alishindwa au akalingana na wa Kimumu kwa kila jambo, na dada akasema kumpigia hesabu ni kumwaibisha. Wakabaki wawili. Wa Ainabkoi alikuwa na tano kwa maziwa na mbili kwa upole, kwa sababu mara zote mbili walimkuta anakamuliwa akiwa amefungwa miguu ya nyuma kwa kamba. Wa Kimumu alikuwa na tatu kwa maziwa na tano kwa upole, na kwa ulaji na miguu alipata tatu tatu, mwenzake akiwa na nne na tano. Dada akagonga kalkuleta ya simu.

"Ainabkoi tisini na tisa. Kimumu themanini na tisa. Ni wa Ainabkoi, mama."

Mama aliweka simu chini. "Wa kamba?"

"Ndiyo. Maziwa yake yamembeba."

Mama aliangalia meza muda mrefu. Nilingoja akatae. Niliomba akatae.

"Sawa," alisema. "Kama tumepima, tumepima."

Ningesema hapo. Ingekuwa kofi moja na vicheko viwili. Lakini nilijiambia kwamba hata wa Ainabkoi ni ng'ombe, ana maziwa mengi, mzee wa hoteli atafurahi, na pengine njugu tano si kitu. Usiku nililala vizuri, msinifikirie vizuri zaidi ya nilivyo.

Kesho yake baada ya kanisa tulienda Ainabkoi sote watatu. Mama alikuwa amesema hanunui namba, atamkamua kwanza kwa mkono wake. Kulikuwa na baridi ya kutoboa sweta. Mzee wa viazi alimleta ng'ombe, akaanza kumfunga miguu.

"Mzee, mfungue," mama alisema. "Kwangu hatakaa na kamba kila siku. Nataka nimwone vile alivyo."

"Mama, huyu bila kamba anapenda kucheza kidogo."

"Wacha acheze nimwone."

Kamba ikatoka. Ng'ombe akatupa mguu mmoja nyuma, hivi tu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mama akavuta kigoda. Nikaona mkono wa kulia ukijirudisha kifuani. Akaushusha. Ukarudi tena. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaushusha kwa nguvu, akaanza kuinama.

"Mama, ngoja!" nilisema. "Nilikula njugu!"

Mzee wa viazi alinionyesha kwa kidole. "Choo kiko pale nyuma ya stoo, kijana. Kimbia."

"Si hivyo, Mzee. Nilikula njugu za mezani. Jana. Wakati wa mvua."

Mama alibaki ameinama nusu. Dada aligeuka polepole.

"Ngapi?"

"Tano."

"Kutoka wapi?"

"Kwa upole."

Dada alitoa simu hapo hapo kwenye matope, akagonga. Wa Kimumu, mia moja na kumi na nne. Wa Ainabkoi, mia moja na tisa. "Wewe ni mjinga wa kiwango cha kimataifa," aliniambia, lakini taratibu, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

Mama alisimama, akarudisha kigoda mahali pake. "Mzee, asante. Ng'ombe wako ni mzuri, lakini si wangu."

"Yaani mimi nakosa mnunuzi kwa sababu ya njugu?" Mzee alinikagua kuanzia viatuni. "Mama, huyu siku nyingine mlishe kabla hajatoka nyumbani."

Mama hakunisemesha njia nzima. Mama yangu akipiga kelele, hiyo ni mvua ya dakika tano na jua hurudi. Akinyamaza, hata kuku huingia ndani mapema.

Nyumbani dada alitaka turudishe tu zile tano. Mama akakataa. Alisema sasa amemwona yule ng'ombe bila kamba, na yeye mwenyewe si mama yule wa jana, tuanze upya. Mahindi yetu yalikuwa yamerudi yakiwa unga, kwa hivyo akaomba punje za mahindi kwa jirani, mbichi na ngumu, akinitazama. Safari hii upole ulipata kumi na tatu na maziwa nane. Wa Kimumu akashinda kwa alama kumi, nami nikashangilia.

"Nyamaza," dada alisema. Alihamisha punje mbili kutoka kwa upole, akaziweka kwa maziwa, akahesabu tena. Mia moja na kumi na mbili kwa mia moja na kumi na mbili. "Umeona, mama? Punje mbili tu na wanalingana. Hawa wamekaribiana sana. Ukiwa umekosea kidogo, jibu linayumba."

Nilidhani mama atakata tamaa, lakini alitabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi hesabu yako imefanya kazi yake vizuri. Imeniambia kitu cha kwenda kuangalia ni kimoja tu. Kama kweli huyo wa Kimumu ni mpole wa tano, au tulimpa tano kwa sababu mwalimu alitupa chai."

Mimi hucheka karibu kila kitu, lakini hapo sikucheka. Wengi ninaowajua wakipewa namba wanaikumbatia kama cheti. Mama aliiuliza swali.

Jumatatu nikitoka shule tulienda Kimumu. Hakukuwa na kamba. Mama alikaa kwenye kigoda, na mkono ukajirudisha mara moja. Alingoja. Ng'ombe mwekundu aligeuza kichwa, akamwangalia, akarudi kutafuna. Kuku alipita katikati ya miguu yake ya nyuma na hakuna kilichotokea. Mama akaweka mkono. Maziwa ya kwanza yaligonga ndoo, kisha ya pili, kisha ikawa sauti moja mfululizo, na bega lake la kulia likashuka taratibu kutoka pale lilipokuwa tangu plasta itolewe.

Huyo ndiye tuliyemnunua. Katika zile wiki mbili zilikuwa zimebaki siku tatu. Mzee wa hoteli alionja maziwa ya kwanza yakiwa bado moto, akafumba macho, akampigia yule kijana wa maji simu mbele yetu kumwambia apumzike.

Siku tisa nzima mama hakusema lolote kuhusu njugu. Nilioga bila kuambiwa. Nilikata nepia. Dada alisema ningekula nyingine tano nyumba ingejengwa upya.

Siku ya kumi, jioni, nilikuwa nimemshikia ndoo akikamua kwa mikono yote miwili. Nilichoka kungoja. Nikamuuliza, mama, si unichape tu tumalize?

Hakugeuka. Alisema, "Huyo wa Ainabkoi nilimwogopa kutoka siku ya kwanza. Lakini niliona aibu kubishana na hesabu ya mtoto wangu niliyemsomesha. Siku nyingine ukiniona nimeitazama meza nikanyamaza hivyo, uniulize."