Mashine ya Tonton Asumani

Ukimtafuta Lukumani, usiulize nyumbani kwake Kabondo. Fuata harufu. Yuko njia ya Kapalata, kwenye zizi la mjomba wake Asumani, beleshi mkononi, akisukuma mavi ya ng'ombe hadi shimoni. Ng'ombe wa maziwa hawajui Ijumaa wala Jumapili. Akimaliza upande huu, upande ule umeshachafuka.

Mkewe, Djamila, alivumilia, kisha akachoka. Alifua mashuka mpaka mikono ikachubuka, harufu ikabaki palepale. Akarudi kwao Opala. "Siku utaacha kazi ya ngombe, nitarudia," alisema, na si mwanamke wa kubadili maneno.

Mtu si angeacha tu, utasema. Thubutu! Asumani ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, na ndiye aliyemposea huyo Djamila. Kwetu, kumwacha mjomba wa namna hiyo bila ruhusa yake ni kujitafutia laana. Lukumani aliiomba ruhusa. Mjomba akajibu: "Bon, mashini iko nakuya. Ikianza kutumika, utaenda."

Mashine ikaja kweli: kipande kipana cha chuma kinachokokotwa na mnyororo wa mota ya umeme ndani ya mfereji, kikikomba mavi yote hadi shimoni. Mfereji aliuchimba Lukumani mwenyewe, huku akiimba. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Siku ya kuijaribu, sisi majirani tumejaa mlangoni, umeme ukakatika. Mota kimya. Mjomba akakunja uso. "Hii mashini ni ya bule. Nitairudisha."

Lukumani aliingiwa na hofu. Mashine ikirudishwa, na ruhusa imekwenda nayo. "Hapana, tonton! Iko muzuri! Angalia!" Akachomoa mnyororo kwenye mota, akaupitisha kifuani, akavuta. Chuma kikalia, kikasogea, na nyuma yake mfereji ukabaki safi. Nilitamani kumfunga mikono yule mjinga. Mjomba alicheka kwa furaha.

"Alors! Courant ya nini tena?"

Umeme haukungojwa tena; mota ikaondolewa. Tangu hapo Lukumani huvuta asubuhi na jioni, gunia limekunjwa kifuani ili mnyororo usimchune. Nikimwona napandwa na hasira, nasema maneno mengi, yeye anazidi kuvuta.

Juzi Djamila alipiga simu nikiwa pale. Sauti yake ilisikika mpaka niliposimama.

"Balisema mashini ilianza kutumika. Sasa unangoya nini?"

Lukumani hakuvua mnyororo.

"Iko natumika," akasema. "Mashini ni mimi."